Mkono Uliobaki Begani Mwako

Nyaribo, mwoga wewe,

Sikusalimii. Salamu zangu ulizimaliza ukiwa hai, na hata nusu yake hukustahili. Tangu tukuzike nina hasira, na nimechoka kulala nayo. Barua hii naiandika mwenyewe. Shule mimi niliiona nikipita na ng'ombe, unajua, lakini herufi nilifundishwa na Moraa wako hapa uzeeni, akinicheka. Kwa hivyo soma pole pole.

Kwanza nikuambie ulivyozikwa. Vijana wako walitoka Nairobi na bango la picha yako, kubwa kama mlango wa kanisa. Ni ile picha ya mbele ya zizi. Umekaa kwa kiti, Moraa amesimama nyuma yako, amekushika bega kwa sababu siku hizo ulikuwa unaanguka ovyo. Sasa ona kazi ya vijana. Zizi wametoa, wameweka ghorofa ya vioo. Gambuti zako wametoa, wamekuvalisha viatu vya kung'aa. Ng'ombe amekuwa gari. Na Moraa wamemfuta kabisa, kama mtu anapangusa uji kwa meza.

Lakini fundi wa picha alikuwa na haraka. Alisahau mkono. Vidole vinne viko pale begani mwako, havina mwenyewe.

Mimi, mwongo hodari kuanzia Gesima mpaka Birongo, nilisimama mbele ya hilo bango nikaona aibu. Mimi nikidanganya sisahau mkono.

Halafu Evans, kifungua mimba wako, akasoma historia yako. Ati ulikuwa mkulima mkubwa wa chai. Wewe! Hiyo chai yako mbuzi mmoja angeimaliza kabla ya saa nne. Ati ulikata roho umezungukwa na watoto wako. Watoto gani? Ulifia mikononi mwa Moraa peke yake. Na saa hiyo inasomwa, Moraa yuko jikoni anasonga ugali wa wageni, na jina lake haliko kwa karatasi.

Asubuhi ya siku hiyo Evans alikuwa amemwambia, nikisikia na masikio haya: "Tukimaliza matanga, utarudi Kericho kwa watu wa baba yako. Hiyo nyumba unayolala tunabomoa."

Kericho, Nyaribo! Baba gani wa Kericho? Huyo ni wangu! Nilimtunga na mdomo huu, siku ile ulinijia umemfunika Moraa, angali mchanga, na koti. Mama yake, yule wa kutoka ziwani aliyeuza omena Birongo, alikuwa amefariki, na wewe ulikuwa unaogopa bibi yako kuliko radi. Ukaniambia, "Ombati, wewe una mdomo. Nisaidie." Nikasaidia. Nikasema mtoto ni wa binamu yako aliyekufa akichuma chai Kericho. Nikampa huyo binamu jina, nikampa mguu wa kuchechemea, nikampa mpaka kofia. Watu walilia! Bibi yako, Mama Evans, alilia kuliko wote, akampokea mtoto. Nilijivuna mwezi mzima.

Wewe ukasema utamwambia ukweli akikua. Akakua. Ukasema bibi akishakufa. Akafa. Halafu na wewe ukafa, kimya, kama mtu ametoka kwenda choo. Ukaniachia mimi.

Sasa sikia. Mwenye kipaza sauti akaita, "Watoto wa marehemu, kujeni hapa kwa jeneza mpigwe picha." Vijana wakajipanga, tai zimenyooka. Nikasimama. Nikasema, "Bado mmoja." Nikasema yote. Omena, koti, binamu, kofia. Sikuongeza hata chumvi.

Wakacheka, Nyaribo. Uwanja mzima. Mmoja akapiga kelele, "Mzee Ombati, tuambie na yule chui wa Manga!" Yule chui nilimshika mkia kweli, wewe ni shahidi, ulikuwa juu ya mti. Evans akaniambia, "Mzee, kaa chini. Heshimu baba yetu." Maisha yangu yote nimependa watu wakinicheka. Siku hiyo kicheko kilinichoma kama pilipili kwa jicho. Nimesema ukweli mara moja tu, na hakuna wa kuununua. Nilikulaani hapo hapo, ukiwa ndani ya sanduku lako na pamba puani.

Basi nikanyoosha fimbo kwa bango. "Huo mkono ni wa nani?"

Watu wakaanza kusimama waone. Moraa alikuwa ametoka jikoni, unga mpaka kwa kiwiko. Akatembea mpaka kwa bango, akainua mkono wake akauweka kando ya ule wa picha. Unakumbuka kidole chake cha pete hakina ncha? Alijikata na panga akikatia ng'ombe wako majani ya nepia. Cha kwa picha pia hakina ncha.

Ndio dada yako Kerubo akainuka, na yale magoti yake mabovu. "Evans, mtoto wa binamu mtu anamfutia nini? Huyu alipewa jina la mama yetu kwa sababu ni mtoto wa ndugu yangu huyu. Nilijua. Nilinyamaza kama nyinyi tu."

Moraa hakulia. Miaka yote alikuita Baba Evans, kama jirani. Siku hiyo aliweka mkono kwa jeneza akasema "Baba," akaishia hapo.

Alitupa udongo pamoja na ndugu zake. Wazee wakasema haendi popote. Evans akasema wazee si serikali, na Jumatatu tunaitwa kwa chifu. Bango waliliacha. Moraa amelitandika juu ya zizi pale panapovuja, kwa hivyo ile ghorofa yako ya vioo sasa inakinga ng'ombe mvua. Inakufaa.

Lakini si hiyo ndiyo inaniwasha. Juzi aliniuliza, "Baba Ombati, na wewe ulijua miaka hiyo yote? Hata nikikufundisha herufi hapa?" Mimi, huu mdomo wote, nikaokota fimbo yangu nikaenda nyumbani. Bado ananisalimia. Lakini uji haniletei tena. Hiyo ni kazi yako, Nyaribo, na yangu, na yako ndiyo kubwa. Ungesema neno moja tu. Moja! Ulikuwa na pumzi ya kuitisha chai mpaka siku ya mwisho.

Basi lala. Vizuri au vibaya, jipangie. Nikifika huko usinikimbie, maana miguu yangu bado ni mizuri kuliko yako, na nina mengine ya kukutukana.

Jumatatu nitavaa ile koti yako, ile uliyomfunika nayo, nitasimama mbele ya chifu, na nitasema vile ilivyokuwa. Wakicheka nitarudia. Wakicheka tena nitarudia tena. Hiyo nakuahidi, wewe na mwoga mwenzako, yaani mimi. Yule chui wa Manga nitaendelea kumwongezea meno kila mwaka mpaka nife. Habari ya Moraa siiongezi jino hata moja.

Ombati