Njaa Imeisha, Njooni

Jumatatu, 7 Machi 1994
Honi ya kiwanda haikulia tena. Nimeamka saa ileile, mjinga miye. Nimelima matembele mbele ya nyumba, pale mke wangu, Mama Odile, alipopanda maua yake. Mchana nimesonga bukari, ugali wetu, kidogo. Kisha kimya. Tangu unga wa kampuni ukatike, yeye na binti yetu wako kwa dada yake, huko Kakontwe. Alisema atarudi nikipata njia ya kuishi. Nimeipata: kutaka vichache.

Alhamisi, 10 Machi
Makochi ya saloni, sebule yetu, yameondoka. Kabati pia. Vyombo pia. Kwa vyote hivyo nimepata mahindi. Nimebakiza kiti kimoja, sahani moja, sufuria. Nyumba nyeupe, haina kitu, kichwa chepesi. Jana nililala bila hasira, mara ya kwanza tangu mishahara ikome. Ila leo nimeongea na sufuria. Si dalili nzuri.

Jumamosi, 12 Machi
Nimemtuma muuza makala, yule wa mkaa, aende Kakontwe na baiskeli yake awaambie: njaa imeisha, njooni. Nimefagia hadi nikaanza kufagia udongo wenyewe. Ninaogopa kama bwana harusi.

Jumapili, 13 Machi
Amekuja peke yake, baada ya misa. Akaangalia saloni, akaingia jikoni, akarudi mlangoni. Nilimpa kiti, miye nikakaa chini, nikajivuna.

"Baba Odile, weye iko na sahani moja. Miye na mutoto tutakulia mu nini?"

Nikacheka. Kosa. Nikamwambia tutakula kwa zamu. Kosa kubwa zaidi.

"Hii ni nyumba ya mujane," akasema. Akakaza kitenge, akaenda. Kwetu hata mgeni haondoki bila kula. Mke wangu ameondoka na njaa. Nimekasirika sana. Mahindi si haya hapa? Halafu nimelia, na hakuna wa kuniambia nyamaza.

Jumanne, 15 Machi
Sikulima. Kwa kila kitu nilichotoa nilijiuliza kama ninakihitaji. Miye. Wao sikuwauliza. Mpumbavu kweli.

Alhamisi, 17 Machi
Nimefunga nyumba. Nimeazima baiskeli, nimebeba mahindi hadi Kakontwe. Kumbe Mama Odile na dada yake wanaponda mawe ya kuuza, karibu na machimbo. Mikono yake imejaa malengelenge. Sikujua. Hakunisalimu. Dada yake akanipa nyundo yake, akaenda kuwasha moto. Tukaponda mpaka jua likainama. Kisha Mama Odile akasogea pembeni kwenye gunia alilokalia, akaniachia nafasi.

Nikakaa.