Vidole Viwili Begani

Jumapili, 2 Oktoba 2016

Zamu yetu mlangoni leo, mimi na Ozella. Glavu nyeupe, viatu vyeupe, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Miaka kumi na tisa tunawapokea watu kanisani hivi, yeye mlango wa kulia, mimi wa kushoto, na hatuhitaji kufungua midomo. Kiganja kifuani: huyo mgeni, mkaribishe. Vidole viwili begani: nishikie nafasi yangu, narudi sasa hivi. Mchungaji anasema tunaweza kugombana ibada nzima bila mtu kusikia. Kweli, tumeshafanya.

Nimechomeka kadi ya chama cha wafanyakazi katika kitabu chake cha nyimbo, pale kwenye wimbo anaoupenda. Akafungua, akaiona, akaimba beti zote nne. Tulipotoka kadi haikuwepo kitabuni. Alinipa tu kipande cha pai ya viazi vitamu nimpelekee mama.

Sitamsukuma. (Muongo mimi. Nitamsukuma.)

Jumanne, 4 Oktoba

Wenye kadi bado hatufiki nusu! Kura ya kuleta chama tulishinda, mkataba tukaupata, na mkataba unamlinda kila mtu hapa kiwanda cha kuku, mwenye kadi na asiye nayo. Ada halazimishwi mtu — ndiyo sheria ya hapa Alabama. Basi wengi wanasema, nilipe cha nini? Na mkataba unaisha Machi, na wakubwa wanajua kuhesabu.

Kwa hiyo natembea na kadi kwenye aproni kama mchuuzi. Chumba cha chakula, ruhusa. Uwanja wa magari, ruhusa. Kwenye mkanda unaotuletea kuku wa kukata — marufuku kabisa, unafukuzwa.

Nimemuuliza Ozella habari ya kadi mchana, yeye na sahani yake ya maharage. Akanikumbusha mumewe, Lucious, aliyebeba kadi miaka thelathini kwenye kiwanda cha nguo, na kiwanda kikafungwa chama kikitazama. "Tulimzika na kadi mfukoni, Verlene. Nyumba yangu imeshalipa." Kisha akanisogezea mkate wa mahindi, maana wangu niliusahau. Hata akinikatalia ananilisha.

Jumatano, 5 Oktoba

Ozella amesimamishwa kazi!

Anakunywa vidonge vya presha, na vidonge hivyo vinampeleka chooni. Alimwomba ruhusa Haskew, msimamizi wetu, saa tatu. Subiri. Akaomba tena. Subiri. Mwishowe akaondoka. Kuku wakajazana pale kwake, wakaanguka sakafuni, mkanda ukasimama dakika kumi na moja. Haskew anasema ametoroka kazini.

Mkataba unaruhusu. Kifungu hicho nilikipigania mwenyewe — mtu anaweza kwenda chooni wakati wowote, mradi mwenzake amshikie nafasi. Kikao ni Jumanne. Na mimi ndiye mwakilishi wa chama upande wetu, kwa hiyo atakayemsemea ni mimi. Sheria inasema halazimiki kulipa, na inasema mimi nalazimika kumtetea. Tamika wa kufungasha akaniambia, asaini kadi kwanza ndipo nifungue mdomo. Nikamjibu sifanyi biashara hiyo, kwa mtu yeyote.

Jioni nilikwenda kwake. Nikamuuliza, kwa kuwa fomu inauliza: kuna mtu alimshikia nafasi?

Alinitazama usoni.

"Andika hakuna," akasema.

Nikaandika hakuna. Kwa mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Oktoba

Sina la kuandika.

Jumamosi, 8 Oktoba

Ninalo. Nimefua, nimepiga deki, nimemsuka mama nywele akasema namvuta. Mama akauliza mbona nina hasira. Si hasira.

Basi niandike, humu hasomi mtu.

Siku ile aliweka vidole viwili begani kwake. Niliona. Kwenye kelele zile, na vizibo masikioni, sisi tunasemezana kama kanisani, kila mtu upande wetu anajua. Nikainamisha kichwa — nenda. Akaenda kwa amani, kwa sababu ni mimi.

Na mimi nikageuka. Yule msichana mgeni wa kukata mabawa, siku ya nne namshawishi asaini, akanionyesha kwa kidole mfuko wa aproni. Anataka kadi! Pale pale kwenye mkanda. Nikajua ni marufuku, nikaitoa. Nikaiegemeza ukutani, nikamwonyesha pa kusaini, nikamwonyesha na pa tarehe. Nilifurahi sana. Niliposikia mkanda umenyamaza, kuku walikuwa miguuni kwetu.

Kwa ajili ya kadi moja nimemwacha Ozella.

Na yeye anajua. Ndiyo maana akasema hakuna. Nikisema kweli, yeye anarudi kazini na mimi natoka — miaka ishirini na minne ya kazi, na mama anategemea mshahara wangu. Nikinyamaza, anatoka yeye. Ana miaka sitini na moja. Nani atamwajiri?

Jumapili, 9 Oktoba

Alikuja! Nilidhani hatakuja. Kola imepigwa pasi hadi inasimama. Wakati wa sadaka nilimwashiria tuonane nje. Akashusha kiganja chini taratibu: baki ulipo.

Nikamkamata kwenye ngazi. Nikamwambia nitasema. Hakuniuliza nitasema nini. Alinivua glavu zangu, akazikunja pamoja vizuri, maana mimi sijui kuzikunja, akazitia mkobani mwangu.

"Wewe una mama yako, na hao watu wote wanaokutazama usoni kila asubuhi. Mimi nina bustani ya bamia. Tulia, dada."

Nikalia pale pale kwa Mungu, mbele ya wamama wa kwaya. Nampenda yule mwanamke. Sijawahi kumwambia.

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimekula nusu ya chakula. Mama amelala mapema. Nimepiga pasi blauzi ya kesho mara mbili.

Jumanne, 11 Oktoba, kwenye benchi nje ya ofisi

Nimesema.

Haskew alisoma fomu, akafika kwenye lile neno langu, hakuna. Meneja akauliza kama nina la kuongeza. Ozella pembeni yangu akashusha kiganja juu ya goti. Baki ulipo. Niliona, na safari hii sikutii.

Nikawaambia fomu ina uongo na uongo ni wangu. Nikawaonyesha ishara. Nikasema aliomba, nikakubali, nikaacha. Meneja akauliza, ukiwa unafanya nini? Nikasema kadi. Ya nani? Nikasema yangu, mimi ndiye niliyeitoa, huyo mwingine simtaji. Haskew akaandika haraka sana.

Wametutoa nje wakubaliane. Kabla ya kutoka, meneja alimpa Ozella karatasi: akiri kosa, aache kazi kwa hiari, na jambo zima liishe hapo hapo, la kwake na la kwangu. Nimemwambia asiiguse, kwamba ushahidi wangu unamtosha. Ameichukua.

Anapumua kwa pua kama anavyofanya mahubiri yakizidi.

"Umejimaliza," amesema sasa hivi. "Kwa mtu asiyekuwa hata na kadi."

Nimemwambia vidole vyake sikuviona kwenye kadi, niliviona begani.

Amefungua mkoba wake. Ametoa glavu moja nyeupe, ya kanisani, na ndani ya glavu — kadi yangu! Imekunjwa mara nne. Kumbe amekuwa nayo siku zote hizi. Ameinyoosha kwenye paja la kulia. Karatasi ya meneja iko paja la kushoto. Anazitazama zote mbili. Na mimi naandika ili nisimtazame, maana nimeapa sitamsukuma, na leo sisukumi.

Kitasa cha ofisi kinazunguka.

Ananigusa kiwiko. Anataka kalamu. Nimemuuliza ya nini, amenyoosha mkono tu, na kalamu ninayo hii mo—