Sufuria ya Mama Mkwe Haiwezi Kostiki

Alhamisi, mwezi wa saba. Hapa Karurumo ni manyunyu tangu asubuhi, na jua halijajisumbua kututazama. Mkono wa kulia unaniuma ninapoandika, lakini moyo umetulia kuliko jana.

Jana mama mkwe aliniletea sufuria.

Asiyemjua hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Tangu mwanawe anioe, mama huyu hunisalimu vile mtu anasalimu karani wa ofisi: kwa heshima, na kwa mbali. Hajawahi kuingia kwenye kibanda changu cha sabuni nyuma ya nyumba. Jana aliingia, akaweka chini ile sufuria kubwa iliyopikia harusi zote za ukoo wao, akasema, "Wacha kukorogea kwa ndoo kama mtu anachanganyia ng'ombe chakula. Tumia hii." Akaenda zake.

Sufuria ni ya alumini.

Sabuni yangu ya mche haitoki bila kostiki, ile soda kali inayounguza ngozi, na kostiki ikiingia kwenye maji huchemka yenyewe bila moto. Ndoo za plastiki ninazotumia zinalegea. Wiki iliyopita moja ilipasuka, maji yale yakanirukia mkononi. Ndiyo maana nimekuwa nikitafuta chombo cha chuma.

Nilianza na majaribio. Fundi mmoja wa Runyenjes alinipa mabaki: alumini, bati, chuma cheusi, na ile stenlesi inayosifiwa haishiki kutu. Nikaviweka kwenye chupa za glasi kibandani, vingine kwenye kostiki, vingine kwenye klorini, kwa sababu nauza pia dawa ya kutoa madoa. Kwenye kostiki, alumini iliisha kama sukari kwenye chai. Bati lilivuliwa ngozi polepole. Chuma cheusi kilivumilia, lakini mwenzake kwenye klorini aligeuka uji wa kutu. Stenlesi haikubadilika hata rangi kwenye kostiki, nikafurahi sana, mpaka nilipotoa ile ya klorini nikaona vishimo vidogo vidogo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Kumbe kila chuma kina kinachokishinda. Huwezi kuuliza kipi ni kizuri kabla hujajua kitakaa na nini.

Hayo nayajua. Nisilojua ni namna ya kumrudishia mama mkwe zawadi yake ya kwanza.

Mume wangu alisema niipokee tu, niiweke mahali ionekane. Nakiri nilitamani kufanya hivyo. Lakini mama si mjinga. Siku moja angeikuta ina vumbi, na angeelewa vingine.

Kwa hivyo leo asubuhi nilimwita. Nilikata kipande cha mfuniko wangu mbovu wa alumini, nikakiweka kwenye beseni uwanjani, mbali na jiko, maana gesi inayotoka alumini ikikutana na kostiki inaweza kushika moto. Nikamwomba asimame nyuma. Nikamwaga kostiki.

Kipande kilianza kutoa povu, kikawa cheusi, kikafuka. Tulikitazama mpaka kikatoboka.

Mama aliinama kulitazama lile tundu. Nikajua nimeharibu. Nikajiona mtoto tu, niliyeishia kidato cha nne, ninayemfundisha mama wa watu kwenye boma lake mwenyewe.

Kisha akauliza, "Na hii ndiyo imekula mkono wako?"

Sikujua kwamba ameuona. Kumbe Jumapili, niliposalimiana naye nje ya kanisa, aliona kidonda na akanyamaza nacho. "Nilidhani ni ile ndoo inakuumiza," akasema. "Sufuria iko na masikio ya kushikia. Mtu anaweza kaa mbali nayo."

Nililia. Yeye si mtu wa kukumbatia. Alishika tu mkono wangu, akaugeuza huku na huku, akasema, "Mtoto wa watu. Na huyu kijana wangu anaangalia tu?"

Sufuria ameirudisha kwake. Amesema hiyo ni ya chakula, na nikipata wageni nijue iko wapi.

Nimeamua hivi: kostiki nitaitafutia sufuria ya stenlesi, hata kama itakuwa ndogo. Klorini itabaki kwenye mitungi yake ya plastiki, na nitamwambia kila mteja asiiweke kwenye chuma chochote. Lakini kabla ya yote hayo, glavu ndefu. Nimekaa nikichunguza vyuma vyote hivi, na mikono yangu mwenyewe sikuwahi kuiuliza inaweza kuvumilia nini.

Jumamosi naenda Embu mjini kununua. Mama mkwe amesema tutaenda pamoja, eti nisiuziwe kitu bandia. Mimi na yeye hatujawahi kwenda mahali popote pamoja isipokuwa matangani.

Sijui tutaongea nini njia nzima.