Nilisema Mimi, Akasifiwa Kaka

Jumapili, Julai. Baridi ya Machakos imeingia hadi ndani ya soksi, na nina wivu.

Nimeanza na hilo ili nisijifanye naandika kuhusu kitu kingine.

Asubuhi kaka yangu Mutinda alishika kifua, akakaa sakafuni jikoni, jasho likimtoka katika baridi hii. Ana miaka ishirini na mmoja, anafanya kazi kiwandani Athi River. Akija nyumbani wikendi na kulala, Mama hutembea kwa kunyata. Mimi niko kidato cha tatu, huwa wa kwanza darasani, na ndimi ninayemfulia nguo.

Katika chumba cha dharura walimbandika nyaya kifuani kupima umeme wa moyo, wakamtoa damu. Mama alimshika mkono akiomba. Mimi nilishika sweta ya Kaka. Nimeisoma sura ya moyo katika kitabu cha Biolojia hadi kurasa zimelegea, lakini aliyezungukwa na madaktari ni yeye.

Daktari akauliza kama ukoo wetu una ugonjwa wa moyo, kama anavuta sigara, kama ametumia kitu chochote.

"Huyu? Huyu hata soda hapendi," Mama akajibu.

Daktari hakubisha. Alimwomba Mama akamtafutie mgonjwa maji kule kantini, kisha akavuta pazia. Sidhani aliniona.

"Sasa, boss, mathe ameenda. Mimi si polisi. Umetumia nini?"

"Nimetafuna majani ya muguka kidogo tu, daktari."

"Kidogo kama mtu ama kidogo kama mbuzi?"

Kaka akacheka, kisha akakunja uso kwa maumivu.

Mimi nilijua. Jana nikimfulia jeans nilipata karatasi ndogo mfukoni, yenye unga mweupe. Alininyang'anya, akasema ni kokeini, na nikimwambia Mama presha itamuua. Usiku akatoka nayo.

"Ametumia kokeini," nikasema.

Kaka akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Daktari akamwambia nesi aweke kando dawa ya kushusha mapigo, kwa sababu pamoja na kokeini inaweza kuibana mishipa ya moyo zaidi. Kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri, akatueleza, lakini hakitoshi. Ujana haumkingi mtu. Kokeini inaweza kuleta mshtuko wa moyo hata kwa umri wake. Angebaki chini ya uangalizi, na damu ipimwe tena baada ya saa chache.

"Umefanya vizuri, msichana," akaniambia.

Nilitamani Mama asikie hiyo.

Sasa niseme lililo baya. Nilipofungua mdomo niliona utamu. Nilitaka apone, ndiyo. Lakini pia nilitaka, mara moja tu, yeye ndiye awe na makosa.

Mama akarudi na chupa ya maji. Kaka akamtazama. "Mwaitu, mama yangu, nimetumia kokeini. Nimemwambia daktari."

Nimemwambia. Yeye.

Nilingoja Mama awake. Badala yake alilia, akamkumbatia pamoja na nyaya zake. "Asante kwa kusema ukweli, mwanangu. Wangapi wangeficha?" Kisha akanigeukia. "Na wewe umesimama tu hapo? Mfunike kaka yako."

Nikamfunika. Chini ya blanketi Kaka akanifinya kidole. Sijui kama ni asante ama ni nyamaza.

Baadaye tulingoja kwenye benchi la nje. Mama aliwapigia shangazi zangu simu mmoja mmoja, akiwaeleza jinsi mwanawe alivyo jasiri. Ningeweza kumkatiza kwa sentensi moja.

Nesi ametoka sasa hivi: damu ya pili ni safi, umeme wa moyo haujabadilika. Nimelia kabla ya Mama. Hilo halikuwa wivu, naapa.

Mama akanivuta begani kwake. "Usilie. Kaka yako ni mkweli, Mungu amemwona."

Nikaitika amina.

Nitamwambia Mama siku nitakayojua kwamba simwambii ili anisifu. Siku hiyo si leo.