Tanuri la Makapi

Garsen, Agosti 1999

Dada Beryl,

Salamu nyingi. Mama hajambo, na mahindi ya shamba letu la kijijini Wema yamekomaa.

Unakumbuka nilijenga tanuri la kukaushia mpunga kiwandani kwa kuchoma makapi, ili tuache kukata miti ya mtoni. Mkurugenzi mpya alilizima. "Kampuni hii huuza mchele, haifanyi majaribio," alisema. Wafanyakazi wakarudi kukata kuni, kaka yetu Baya akiwemo. Mti ulimwangukia. Tulimzika Jumamosi, simu ya posta ilikuwa mbovu, hatukuweza kukuarifu.

Mkurugenzi alikuja matangani, akaniambia, "Kaingu, washa tanuri lako. Sasa nimeelewa."

Nikamjibu, "Sawa, bosi," nikamkaribisha chai. Mpaka sasa sijalia, dada. Njoo umshike Mama.

Nduguyo,
Kaingu