Maji Tuliyoyazamisha Mlimani

Yanapuquio, Huarochirí,
Peru.
22 Septemba 1998

Mpendwa kaka Eleuterio,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Turin? Kifua chako je, kimepoa? Sisi tu wazima, ila mama magoti humsumbua kukiwa na baridi.

Habari za kifo cha shemeji Saturnino ulizipata kwa simu, haraka haraka. Leo nakueleza yote, kisha nikujibu lile ulilotaka: mama ahamie Lima kwa kuwa chemchemi imekauka.

Unaukumbuka ule mfereji wa wazee kule juu, uliojaa kifusi tangu utoto wetu? Saturnino ndiye aliyetushawishi tuufufue, ili maji ya mvua yanayotupita kwenda baharini yageuzwe, yazame mlimani, yatutokee huku chini wakati wa kiangazi.

Watu walimcheka. "Saturnino, mlima una kiu kuliko ng'ombe wangu?"

"Na huyo ng'ombe wako mwezi wa nane atanywa wapi, kwenye kofia yako?"

Walicheka, lakini wakabeba sururu.

Februari, tukikaribia kumaliza, ukingo uliolowa ukamporomokea. Tulimfukua kwa mikono. Tulimkuta ameshakata roho.

Baada ya maziko hakuna aliyetaka kupanda tena. Walisema mlima umekasirika. Dada Melchora, mjane wake, akasimama mkutanoni.

"Mume wangu hakufa ili mkae mnanitazama," alisema. "Mvua zinaisha. Kesho napanda. Asiyekuja asinipe pole tena."

Tulipanda wote. Tulipofungulia maji, yalizama kati ya mawe kimya kimya. Miezi ikapita bila dalili. Mimi nilishakata tamaa, kaka.

Mwezi wa nane chemchemi ikaanza kudondoka, kisha ukatoka mkondo mnene kama mkono wangu. Wanawake hawakuchota, walimngoja Melchora. Alitumbukiza mkono, akauacha humo kitambo, akasema tu, "Baridi." Akajaza ndoo, akaondoka. Nilimsindikiza. Njiani ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu tumzike mumewe.

Msalimie sana wifi Giulia na watoto. Mjomba Teófilo na Melchora wanakusalimu. Mungu awafunike kwa rehema zake huko ugenini.

Kuhusu Lima, nilimsomea mama barua yako shambani. Hakuinua hata kichwa. Alisema, "Mwambie mwanangu nimeshapanda viazi."

Mimi dada yako, nikupendaye daima,
Benedicta