Aliyeikata Mialoni ya Claiborne

Tremé, New Orleans
9 Januari 2017

Kaka yangu Numa,

Pokea salamu zangu, na natumaini zinakukuta mzima huko Los Angeles. Nasikia kwa watu kwamba nyonga inakusumbua. Pole sana. Mimi sijambo, ila magoti na ngazi za nyumba hii havielewani tena.

Najua utashangaa. Tangu uondoke mwaka sitini na sita tumekuwa watu wa kadi za Krismasi, na hata hizo mwandishi alikuwa marehemu mkeo Verna. Leo nina jambo, na sina wa kumwambia ila wewe.

Wilbert, mtoto wa ba'mdogo, ameuza fungu lake la nyumba. Ameliuzia kampuni moja inayonunua nyumba za mtaa wetu na kuzipangisha kwa watalii. Sasa wanataka mahakama iamuru nyumba nzima ipigwe mnada, kwa kuwa babu alituachia bila kuigawa. Nusu ni yao, robo yangu, robo yako. Mwanasheria anasema tukisimama pamoja tunaweza kuomba tulinunue fungu lile kabla ya mnada. Ukiwauzia na lako, mimi peke yangu sifui dafu.

Wala sijililii mimi. Pale chini bado ni ukumbi wa chama. Wanachama wake, Ndugu wa Kweli, bado wanazikana, Numa, kama enzi za Baba. Waliohamishwa na barabara ya juu ya Claiborne, waliohamishwa na mafuriko, na hawa wa sasa wanaohamishwa na kodi, wote wakirudi mtaani kusalimia hufikia hapo. Wanaita, "Kuna watu humu?" Nami najibu toka juu, "Tumejaa tele, ingieni!"

Karatasi ya kutia sahihi nimeiambatisha. Tafadhali.

Mdogo wako,
Dalie


Los Angeles
2 Februari 2017

Dalie,

Salamu zimefika. Nyonga ni ya chuma sasa, kwa hiyo ni kiungo pekee mwilini mwangu kisicholalamika. Poleni na baridi.

Karatasi yako nairudisha kama ilivyokuja. Hiyo kampuni nami wameniandikia, tena kwa maneno matamu kuliko yako.

Nikuulize kitu. Siku ile uliposimama mlangoni na mwiko mkononi ukaniambia, "Hukanyagi humu, mikono yako inanuka utomvu wa mialoni," ile nyumba ilikuwa yangu? Robo yangu mbona haikuonekana siku hiyo? Baba alikuwa amekaa kibarazani, mama analia jikoni, na mke wangu, mwenye mimba ya miezi saba, amesimama juani na begi. Leo ndiyo nimekuwa ndugu.

Na hapo unapopang'ang'ania pana nini? Paa la zege na magari yanapita juu ya vichwa vyenu usiku na mchana. Mtaa ulikufa, Dalie. Nilikuwepo ukifa. Uza, uje ukae huku kwangu. Nina chumba, na hakuna ngazi.

Kaka yako,
Numa


Tremé
3 Machi 2017

Kaka Numa,

Hujambo? Sisi tu wazima, tumechoka kwa kucheza. Jumanne ilikuwa Mardi Gras, siku ya mwisho ya kula na kucheza kabla ya Kwaresima.

Unasema mtaa ulikufa. Basi sikiliza maiti ilivyofanya. Tangu alfajiri watu walikuwa chini ya barabara ile, na majiko yao, viti, masufuria ya kamba na maharagwe mekundu. Nguzo zimechorwa mialoni, kila nguzo mti wake, mpaka matawi. Bendi ikaingia chini ya zege, na tarumbeta moja ikawa kumi kwa mwangwi. Vijana wetu hawataki tena kupiga mahali pengine. Wanasema hakuna ukumbi unaowajibu kama ule. Walitutupia zege kichwani, sisi tukaligeuza ngoma.

Kuna bwana mmoja kijana amenunua nyumba iliyokuwa ya Bibi Eulalie. Jumapili moja alikuja ukumbini, kwa adabu kabisa, kutuomba tuache mazoezi. Mzee Alcée Tircuit akaweka chini lile tarumbeta lake kubwa, akamtazama.

"Bwana, kwa nini ulinunua Tremé?"

"Nilipenda mtaa. Una uhai."

"Sasa huo uhai ulidhani unatoka wapi? Bombani?"

Tulicheka, naye akacheka, lakini wiki iliyofuata polisi walikuja. Mzee Alcée akawakaribisha maharagwe. Wawili walikula.

La siku ile sitaki kulikwepa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jumapili zetu zote zilikuwa chini ya mialoni ile iliyokatwa kupisha barabara, na nikakuona kwa macho yangu juu ya shina, msumeno mkononi. Hukulazimishwa na mtu. Siwezi kusema nilikosea kukasirika.

Dalie


Los Angeles
19 Juni 2017

Mdogo wangu Dalie,

Habari za siku nyingi. Nimekawia kukujibu. Si ugonjwa, ni moyo. Kila nikiandika nachana.

Unasema sikulazimishwa. Ni kweli. Nilishauriwa.

Nilikuwa nimefukuzwa bandarini, Verna ana mimba, na kodi tunadaiwa. Nikamfuata Baba pale kwa kinyozi, nikamwambia watu wa barabara wanaajiri. Nikadhani atanipiga. Kisha akasema, "Miti itaanguka ukiwepo, itaanguka usipokuwepo. Mtoto wako atakula ukiwepo. Nenda." Akanishika bega. Akaongeza, "Ila usinitaje."

Alikuwa mwenyekiti wa chama, Dalie. Alikuwa ndiye anayezunguka na karatasi za kupinga barabara. Nilimwelewa. Lakini ulipokuwa mlangoni na mwiko wako, nilimtazama pale kibarazani. Nikamngoja aseme neno moja tu. Akafungua gazeti.

Sikuondoka kwa sababu ya mwiko wako. Niliondoka kwa sababu ya gazeti lile. Na mazishi yake sikuja kwa sababu nilijua watamsifu, na mimi ningelazimika kuitikia.

Sikuambii haya ili nikunyang'anye baba yako uzeeni. Nimeona tu aliyekasirika miaka hamsini anastahili kujua amkasirikie nani.

Hali yangu si mbaya.

Numa


Tremé
4 Julai 2017

Kaka yangu,

Salamu. Barua yako niliisomea kwenye ngazi, katikati, sikuweza kupanda wala kushuka. Jana sikupika maharagwe yangu ya kila Jumatatu. Majirani walikuja kuniangalia wakidhani nimekufa.

Nisamehe, Numa. Nilimfukuza mtu mwenye njaa mlangoni kwa baba yake. Mambo mengine yote ni maelezo.

Nilikwenda na barua kwenye kikao. Nikasimama, nikawasomea, picha ya Baba iko ukutani inanitazama. Nilipomaliza nikaikunja barua. Halafu Mzee Alcée akavua kofia.

"Dalie, mimi pia nilikuwa kwenye genge lile la kukata miti. Siku tatu. Niliwaambia watu nipo kwa shangazi, mjini Lafayette."

Mzee Ferdinand akasema, "Mimi wiki nzima."

"Wewe?" mkewe akaruka. "Si uliniambia ulikuwa unapaka rangi kanisa?"

"Kanisa gani lilipakwa rangi mwaka ule, mama? Hukuwahi kulitazama?"

Watu walicheka huku wanalia. Kumbe wanaume wa mtaa huu wamekaa na utomvu mikononi miaka yote hii, na aliyefukuzwa ni yule tu ambaye hakujua kudanganya.

Mzee Alcée anasema nikwambie: "Tuliokata ni sisi, aliyebeba ni yeye."

Ya nyumba nayafuta. Sikuombi sahihi. Fungu ni lako. Ukiuza, uza kwa amani, sitakuwa na neno.

Mdogo wako akupendaye,
Dalie


Los Angeles
21 Julai 2017

Dalie,

Sijambo. Mwambie Alcée ni mwongo wa tangu shule ya msingi, na nimemkumbuka.

Karatasi hiyo hapo, imetiwa sahihi mbele ya wakili. Aliniuliza kama nafahamu fedha ninazoziacha. Nikamwambia, "Mama, nyumba ile nimeiacha mara moja kwa ujinga, mara ya pili sitaki."

Numa


Tremé
29 Septemba 2017

Kaka Numa, mpenzi wa mama,

U hali gani? Huku ni furaha, tena ya kupiga kelele, na yule bwana wa nyumba ya Eulalie avumilie.

Mahakama ilijaa. Ndugu wa Kweli walikuja na mishipi yao ya kifuani kama wanakwenda kuzika. Mwanasheria wa kampuni akasema ile nyumba haina matumizi ya maana, mwanamke mmoja mzee tu. Hakimu akaangalia ukumbi.

"Na hawa wote ni nani?"

Nikasimama. "Hao ndio matumizi, mheshimiwa."

Akatupa siku thelathini kununua fungu la Wilbert. Tuliuza sahani za samaki chini ya barabara kila Ijumaa na Jumamosi. Watu wakatuma fedha kutoka Houston, Atlanta, hata wajukuu wasiowahi kuuona mtaa huu. Yule kijana wa nyumba ya Eulalie alikuja kununua sahani sita, anaishi peke yake. Sikumuuliza.

Tumefaulu, Numa. Na kwa sahihi yako na yangu nyumba tumeiandikisha chini ya chama, wewe na mimi tukiwa na haki ya kuishi humo mpaka tuzikwe. Hakuna wa kuiuza tena.

Jumapili ya pili ya Novemba ni maandamano ya chama. Mshipi wako umeshonwa. Najua nyonga, najua safari. Nakuambia tu kwamba umeshonwa.

Dalie


Los Angeles
16 Oktoba 2017

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Ndugu wote.

Barua yako niliisoma kwa sauti jikoni, kisha nikampigia binti yangu simu nikamsomea tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, sasa hapo Los Angeles unangoja nini?" Nikataja nyonga, nikataja daktari. Akacheka tu, kama alivyokuwa akicheka mama yake alipokuwa hai.

Kuandamana sitaweza. Lakini kukaa kibarazani naweza, na Alcée akipita na lile bomba lake nimwambie mbele za watu kwamba anapiga ovyo. Chumba cha nyuma, cha chini, kisicho na ngazi, sijui mnaweka nini humo siku hizi. Kama ni ngoma, zisogezeni kidogo.

Kitanda na makochi ya hapa nimempa jirani. Funguo nazirudisha Ijumaa, na garimoshi ni Jumapili.

Kwa hiyo barua hii usiijibu, Dalie. Ukijibu itafika kwenye nyumba isiyo na mtu.

Kaka yako,
Numa